Luigi Broglio: jenerali aliyepandisha mizani mbinguni kutoka Ghuba ya Ungwana



Jioni ya tarehe 23 Juni 2025 Iran ilirusha makombora kuelekea kambi ya Al Udeid nchini Qatar, kambi yenye wanajeshi wa Marekani. Karibu yote yalidunguliwa yakiwa angani. Huku kwetu simu zikaanza kuita. Hakuna mji wa pwani hii, kuanzia Mombasa hadi Garsen na Lamu, usiokuwa na mtoto wake Uarabuni: huyu dereva, yule mlinzi, yule msichana wa kazi za nyumbani. Usiku ule kina mama walikuwa wakiomba dua huku macho yako kwenye simu.

Siku chache baadaye, barazani Garsen, mzee mmoja aliniuliza kama makombora haya yanatuhusu nini sisi watu wa Mto Tana. Sisi vita vyetu tunavijua. Ni vya malisho na mashamba, na silaha zake hubebwa begani. Sikumpa jibu la kutosha siku ile, na makala haya ni jibu langu la kuchelewa. Nataka kumsimulia habari za Mwitaliano mmoja aliyefariki robo karne iliyopita, ambaye alileta roketi katika ghuba yetu wenyewe, miaka mingi kabla ya lami kufika Garsen. Jina lake ni Luigi Broglio. Ukienda Malindi, ukakata njia ya Ngomeni, utakuta kituo cha anga kinachoitwa kwa jina lake.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, ng'ambo kidogo ya Venice, mji uliojengwa juu ya maji. Akasomea uhandisi Roma na kuhitimu mwaka 1934. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu zake zilikuwa za ndege: bawa linavumilia uzito kiasi gani, bati linapinda wapi, upepo unasukuma vipi. Akaingia jeshi la anga la Italia kama mhandisi, na humo akapanda ngazi hadi kufikia cheo cha jenerali. Kwa hiyo tusianze kwa kujidanganya. Mtu tunayemzungumzia hakuwa mshairi wa amani. Alikuwa mwanajeshi wa nchi iliyoingia Vita vya Pili vya Dunia ikiwa upande wa Hitler, na nchi hiyo ilishindwa.

Kushindwa huko kulikuwa na masharti yake. Katika mkataba wa amani wa mwaka 1947 Italia ilikatazwa kumiliki bomu la atomiki, na ikakatazwa pia kumiliki makombora ya kujiendesha yenyewe. Lakini mambo ya dunia hugeuka upesi. Ulipokuja uhasama wa Marekani na Urusi ya Kisovieti, Italia ikaingia katika umoja wa kijeshi wa NATO, na lile katazo likafifia. Haikupita miaka mingi, Marekani ikasimamisha makombora 30 ya aina ya Jupiter katika mashamba ya Puglia, kusini mwa Italia, kila moja likiwa na bomu la nyuklia kichwani. Yaliondolewa mwaka 1963, baada ya ule mvutano wa Cuba uliokaribia kuiunguza dunia. Nchi iliyokatazwa kombora ilikuwa imegeuka uwanja wa makombora ya wengine. Wakulima wa pale hawakuwa na mkono katika uamuzi ule.

Huo ndio wakati Broglio alikuwa akijenga jina. Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa walioanzisha uwanja wa majaribio wa Salto di Quirra katika kisiwa cha Sardinia, uwanja wa kijeshi wa kujaribia roketi na makombora. Mwaka 1961 yeye na wanafunzi wake walirusha kutoka pale roketi ndogo zilizomwaga wingu la sodiamu juu kabisa angani, ili wapime pepo za huko. Uwanja ule ule, na mitambo ile ile ya kufuatilia, ulitumika kupima kombora na kupima upepo.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake, kwa hiyo naomba tusimame kidogo tuelewane roketi ni kitu gani.

Kombora la balistiki ni kama jiwe la kombeo. Injini yake huwaka kwa dakika chache tu, kisha huzimika, na kuanzia hapo kombora huenda kwa nguvu ya ule mrusho wa kwanza. Hupanda, hufika kilele, huanguka upande wa pili. Setilaiti nayo hurushwa vivyo hivyo, ila kwa mwendo mkubwa zaidi, kiasi cha kilomita 28,000 kwa saa, hata ikawa kila inapoanguka ardhi nayo inapinda chini yake. Inaizunguka dunia bila kuigusa. Chombo kinachoibeba kinaweza kuwa kimoja. Tofauti iko katika mwendo, njia, na mzigo uliowekwa kichwani. Ndiyo maana nchi ikisema inarusha setilaiti, majirani zake huuliza mara mbili. Korea Kaskazini imeulizwa, Iran imeulizwa, na Afrika Kusini, iliyokuwa ikiunda roketi zake zama za ubaguzi wa rangi, iliachana nazo miaka ya 1990 kwa sababu ya swali hilo hilo.

Roketi aliyoitumia Broglio iliitwa Scout, ya Marekani, yenye urefu wa mita 22 hivi na vipande vinne vinavyowaka kwa zamu. Haikuwa na ukoo safi. Kipande chake cha kwanza kilitokana na kazi iliyozaa kombora la Polaris, lile linalofyatuliwa kutoka nyambizi, na cha pili kilitokana na kombora la Sergeant. Fueli yake ilikuwa yabisi, ile inayoweza kukaa ndani ya roketi muda mrefu ikisubiri. Majeshi hupenda sana fueli ya namna hiyo, kwa kuwa haihitaji kujazwa saa ya vita.

Basi Broglio aliweka nini kichwani pa roketi hiyo? Aliweka mizani.

Sisemi kwa mafumbo. Chombo alichokibuni mwenyewe, ambacho wataalamu hadi leo hukiita mizani ya Broglio, kilikuwa tufe ndani ya tufe. Gamba la nje lilikuwa jepesi, gimba la ndani zito, na kati yao viungo vinavyonyumbuka. Hewa ya huko juu, nyembamba kuliko tunavyoweza kuwaza, iliposukuma lile gamba, viungo vilipinda kidogo sana, na kupinda huko kukapimwa. Kwa njia hiyo alijua hewa ya juu ina uzito gani. Jambo hili lilikuwa na faida ya kweli, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayozipunguzia setilaiti mwendo hadi zikaanguka. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kwamba kuinuliwa kwa mbingu na kuwekwa kwa mizani yametajwa pamoja. Sina hakika kama Broglio alilijua hilo, lakini kazi yake imenikumbusha kila nilipoisoma.

Mwaka 1961 alilipeleka wazo lake kwa serikali ya waziri mkuu Amintore Fanfani, akishirikiana na wanasayansi wenzake kama mwanafizikia Edoardo Amaldi. Likakubaliwa. Mwaka 1962 Italia na Marekani wakatia saini. Shirika la NASA lingetoa roketi na kuwafundisha Waitaliano kuirusha, nao Waitaliano wangeunda setilaiti na kutafuta mahali pa kurushia. Tarehe 15 Desemba 1964 kikosi cha Broglio kilirusha San Marco 1 kutoka Wallops, pwani ya Marekani. Hilo lilikuwa zoezi. Mahali penyewe alipopataka palikuwa kwetu.

Kwa nini kwetu? Tazama ramani. Dunia inapojizungusha, sehemu iliyo karibu na ikweta huenda mbio zaidi, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi ikirushwa kutoka huku kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure, na setilaiti huingia moja kwa moja katika njia ya ikweta. Na mashariki yetu kuna nini? Bahari tupu. Kipande cha roketi kikianguka, kinaanguka majini. Ghuba ya Ungwana, iliyopewa jina la mji wa kale ambao magofu yake yako karibu na Kipini, Mto Tana unakomwaga maji yake, iko chini ya nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Broglio akaleta majukwaa mawili ya chuma na kuyasimamisha kwa miguu baharini mbele ya Ngomeni: San Marco la kurushia, na Santa Rita, lililokuwa jukwaa la kuchimbia mafuta, la kuongozea kazi. Majaribio ya roketi ndogo yalianza mwaka 1964, Kenya ikiwa changa bado. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapanda. Ilikuwa mara ya kwanza duniani setilaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Sasa shuka kutoka angani, uangalie bara. Mwezi ule wa Aprili 1967, Tana River ilikuwa chini ya hali ya hatari. Vita vya shifta vilikuwa vikiendelea. Sheria ya mwaka 1970 iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967 ilizitaja wilaya za Tana River na Lamu pamoja na Isiolo, Marsabit na mkoa wa Kaskazini Mashariki. Kwa hiyo wakati ghuba yetu ilikuwa ikihesabiwa miongoni mwa mahali penye maendeleo makubwa ya sayansi, aliyeteswa ndani ya bara letu hakuwa na mahali pa kushtaki. Sisemi Broglio alihusika, wala hakuna anayesema hivyo. Nasema usalama wa mbinguni na usalama wa ardhini vinaweza kupishana katika wilaya moja, mwaka mmoja, bila kusalimiana.

Siku yake kubwa ilikuja tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Kutoka jukwaa la San Marco ilipanda setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 142 hivi, ya kwanza ya Marekani kurushwa na kikosi cha nchi nyingine. Msimamizi wake, mhandisi Marjorie Townsend, akaipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Uhuru ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kutazama mbingu kwa miali ya eksirei. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na habari zake za Cygnus X-1 ziliwasaidia wanasayansi kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu liko katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, na limeingia humo likiruka kutoka Ungwana.

Kati ya 1967 na 1988 Broglio na watu wake walirusha kutoka hapa setilaiti tisa: nne za Italia, nne za Marekani na moja ya Uingereza.

Ili uone thamani ya alivyofanya, linganisha na jirani. Mwaka 1976 kampuni moja ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilipata kwa Mobutu eneo la Shaba, Zaire, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 100,000 hivi, irushie roketi zake. Ikajaribu mwaka 1977 na 1978. Kampuni ilisema ni za setilaiti. Lakini mkataba ulikuwa wa siri, eneo lilifungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia vya kutosha. Majirani wakashikwa na hofu, Urusi ikapiga kelele kwamba ni makombora, na mwaka 1979 Mobutu akaifukuza. Ikahamia Libya, na shaka ikazidi. Pengine roketi zile zilikuwa za setilaiti kweli. Hata kama ndivyo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuhakikisha, zilizaa hofu ile ile ambayo makombora yangezaa.

Ungwana hapakuwa hivyo. Setilaiti zilitangazwa kabla, vipimo vilichapishwa, vyuo vikuu vilishiriki, mataifa matatu yaliweka vyombo vyao. Broglio hakuwa na roketi safi kuliko ya OTRAG. Pengine yake ilikuwa na damu ya kombora zaidi. Kilichomlinda ni kwamba kazi yake ilikuwa wazi kwa wenye macho.

Mwaka 1987 mataifa saba tajiri, Italia ikiwamo, yalikubaliana kubana biashara ya makombora na roketi zinazoweza kubeba kilo 500 kwa umbali wa kilomita 300. Roketi za setilaiti nazo zimo, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza. Mwaka 2002 zikaja kanuni za The Hague, zinazozitaka nchi zilizojiunga kutangaza mapema kila zinaporusha roketi au kombora. Wengine walitafuta usalama kwa njia ya ngao. Marekani na Urusi walikuwa wamewekeana mpaka wa ngao hizo katika mkataba wa mwaka 1972, wakijua kwamba anayejenga ngao humfanya adui aongeze mishale. Mwaka 2002 Marekani ikajitoa, na leo mishale na ngao vinaongezeka pamoja. Waliokuwa Qatar usiku ule walinusurika kwa ngao, alhamdulillahi. Lakini ngao ni kinga ya mwisho. Ya kwanza ni kujua jirani yako anarusha nini, lini, na kwa nini.

San Marco ya tano ilipanda tarehe 25 Machi 1988, na ikawa ya mwisho kutoka ghuba yetu. Mwaka huo huo Italia iliunda shirika lake la anga. Broglio alitaka Scout iboreshwe ili majukwaa yaendelee kuishi, lakini hakufanikiwa. Roketi ya Vega, ambayo Waitaliano waliongoza kuiunda, iliruka mara ya kwanza mwaka 2012 kutoka Kourou, Amerika ya Kusini. Yeye mwenyewe hakuiona. Alifariki Januari 2001 huko Roma akiwa na miaka 89, na kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake. Majukwaa yakabaki baharini na kutu, huku mitambo ya nchi kavu ikiendelea kufuatilia setilaiti za wengine.

Mwaka 2018 chombo kidogo cha kwanza cha Kenya, kilichoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na chuo kile kile cha Roma alikofundisha Broglio, kiliachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Tarehe 15 Aprili 2023 ikaruka Taifa-1. Iliruka kutoka California. Nchi iliyokuwa na mlango wa mbingu miaka ya 1960 ilipanga foleni kwenye mlango wa mtu mwingine.

Sasa nimrudie mzee wangu wa barazani. Mzee, makombora yanatuhusu kwa sababu watoto wetu wanaishi chini yake. Yanatuhusu pia kwa sababu Kenya inazungumza tena habari ya kurusha roketi kutoka pwani yake, na ghuba yetu haijahama: ikweta iko palepale, bahari ya mashariki iko palepale. Siku hiyo ikifika, wakubwa watakuja na michoro mizuri. Tusiwapinge kwa woga, wala tusiwashangilie kwa upofu. Tuwaulize maswali matatu. Roketi hii ina nini kichwani? Nani mwingine ameruhusiwa kuikagua? Na mkataba wake umesomwa lini Ngomeni, Kipini na Garsen, kwa lugha tunayoielewa, ukiwa na fungu la mvuvi na la mtoto wa shule ndani yake?

Maswali mawili ya kwanza, Broglio aliyajibu kwa wakubwa wa dunia, na ndiyo maana roketi zake hazikumtisha jirani. La tatu halikujibiwa kwa wenyeji, si na serikali yake wala na yetu. Deni hilo si la marehemu peke yake. Nasi tuna lawama yetu, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wabillahi tawfiq.